Tumbo la Milembe Lilipopungua

Mwadila, wasikilizaji wapendwa. Mlioko Bariadi mjini, mlioko Itilima, Maswa na Meatu, na ninyi wa Busega mnaotusikia kwa shida mawingu yakiwa mazito, mwadila. Mimi ni Josia Mashimba, na huu ni muda wetu wa kuwakumbuka watu wetu waliotangulia. Leo sauti yangu imechoka, mtanivumilia. Sina mafua. Nimechoka tu.

Mmezoea kunisikia nikiwasimulia watu wazima hapa. Mwalimu mstaafu. Katekista. Mzee aliyekuwa na ng'ombe wengi hata yeye hajui idadi. Kuna familia huniletea maisha ya marehemu yanayoanzia babu yake alipohama, nikija kumfikia marehemu mwenyewe muda umekwisha. Leo haitakuwa hivyo. Leo tunamkumbuka Milembe Zengo wa Sapiwi. Alizaliwa Sapiwi, amezikwa Sapiwi. Hakufikisha miaka mitatu.

Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi. Tunamkumbuka Milembe Zengo, mtoto wa miaka miwili na kitu. Amefariki kwa saratani ya ini.

Najua kuna anayesema hapo alipo, mtoto mdogo naye ana maisha gani ya kusimuliwa redioni? Hata hapa studio nimeulizwa. Mkuu wangu wa vipindi, mtu ninayemheshimu, aliniambia, "Josia, tukianza na watoto, tutawaweza?" Mama wa mtoto alikuwa amekaa kwenye benchi pale mapokezi, anasubiri. Nikamwambia mkuu wangu, kama tunakataa, basi nenda kamwambie wewe. Hakwenda. Ndiyo maana niko hewani.

Mama huyo anaitwa Esteria. Alikuja na ombi moja tu, kwamba mtoto wake atajwe kama mtu anavyotajwa. Kwa nini alilazimika kuja kuomba jambo kama hilo, nitaeleza tukifika.

Esteria si mzaliwa wa Sapiwi. Kwao ni Lamadi, kwenye ukoo wa wauza dagaa. Aliolewa na Zengo, mkulima wa pamba na mtu wa ng'ombe. Sasa mnajua jinsi watu wa ng'ombe walivyo. Mwaka wa kwanza wa ndoa, mama mkwe wake, Bibi Anyes, akija kutoka kwake Kimali kutembea, alikuwa anafungua madirisha ya nyumba nzima akidai kwamba kuna harufu ya samaki. Esteria naye hakuwa mtu wa kumeza. Alimpikia dagaa siku tatu mfululizo. Wakanuniana mpaka Zengo akawa anakwenda kukaa na ndama wake zizini, angalau hao hawagombani.

Mtoto alipozaliwa, Bibi Anyes alikuja kumlea mzazi. Alimwogesha mjukuu, akampakata, akamtazama, kisha akamwambia mkwewe, kwa upole wa kumwita mama, "Mayu, tuache sasa." Ndipo akampa jina la Milembe. Kwa Kisukuma milembe ni amani. Na kweli tangu siku hiyo wale wawili hawakununiana tena.

Milembe alikua vizuri. Alitambaa mapema, akasimama mapema. Na alikuwa na tumbo. Wasikilizaji wapendwa, kwenye nyumba ya ng'ombe mtoto mwenye tumbo ni sifa. Maana yake maziwa yapo, mama anajua kazi, baba hauzi kila kitu. Mgeni akifika alimshika Milembe tumbo, akaligonga kwa kidole kama anayechagua tikiti sokoni, akasema, huyu ameshiba kweli. Bibi Anyes alikuwa akijibu kwa fahari, "Huyu ni wa maziwa huyu." Kliniki uzito ulikuwa unapanda kila akipimwa. Kila mtu alifurahi.

Wa kwanza kuacha kufurahi alikuwa mama. Nimnukuu Esteria mwenyewe.

"Nilikuwa nambeba mgongoni nikienda kuchota maji. Nikasikia kitu kigumu kinanisukuma, upande wa kulia. Nikamfungua, nikamfunga upya. Kikawa palepale. Nikatazama mikono yake, imekuwa myembamba. Nikajiuliza, huyu anayepanda uzito anapanda wapi?"

Alimweleza mama mkwe. Bibi Anyes akapapasa, akasema ni bandama. Huku kwetu tumbo la mtoto likivimba upande, jambo la kwanza ni bandama. Akaitwa fundi wa dawa za kienyeji, akamchanja mtoto chale ndogondogo tumboni, akapaka dawa. Vidonda vikapona vizuri. Tumbo likaendelea kukua. Milembe akaanza kukataa uji, hata maziwa akawa anayaonja na kuyaacha.

Esteria alimpeleka hospitali ya Somanda, mjini Bariadi, juu ya bodaboda, mvua ikinyesha. Akampata daktari kijana anayeitwa Eliaichi, mtu wa Kilimanjaro aliyepangiwa kazi huku, mcheshi, anaongea haraka kama anawahi basi. Esteria anasema daktari aliingia akitania, akaweka vidole kwenye tumbo la mtoto, akapapasa tena upande wa kulia. Akampeleka kwenye kipimo cha picha ya tumbo. Aliporudi akaongea polepole.

"Mama, hii si bandama. Ni ini. Ndani ya ini kuna uvimbe. Nenda Mwanza, na usipitie nyumbani kuaga."

Hakupitia. Alimpigia kaka yake, Magese, anayefanya biashara ya dagaa pale Lamadi. Magese akawasubiri barabarani na mfuko wa nguo na blanketi, akapanda nao gari mpaka Mwanza. Wakati huo Zengo yuko Sapiwi na ng'ombe. Mtu hawezi kuacha ng'ombe peke yao, hilo nalo mnalijua.

Mwanza walipima damu, wakapiga picha nyingine, wakatoa kinyama kidogo wakakipima. Jibu likaja kwamba ni saratani ya ini, aina ya pekee inayowapata watoto wachanga na watoto wadogo. Wataalamu wanaiita hepatoblastoma. Nimelifanyia mazoezi neno hilo asubuhi nzima, na bado ulimi unateleza. Ni ugonjwa adimu sana. Wauguzi wenyewe walimwambia Esteria wanaweza kumaliza muda mrefu bila kumwona mtoto wa namna hiyo. Wala haukuletwa na maziwa, wala na dagaa, wala na jicho la mtu. Esteria aliuliza hayo yote, akajibiwa yote.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo. Daktari wa Mwanza alimweleza Esteria matibabu yalivyo. Kwanza, dawa ya kwenye mshipa, ili uvimbe unywee. Pili, upasuaji, kuukata uvimbe ukiwa umenywea. Dawa kwanza, kisu baadaye. Dawa peke yake haimalizi. Na alisema kwa aina hii ya saratani, mtoto akiwahi na akimaliza yote mawili, watoto wengi wanapona. Wanapona kabisa, wanakwenda shule.

Milembe akaanza dawa. Nywele zikatoka. Alitapika mpaka mama yake akawa hana kitenge kikavu. Lakini ile wodi ilimjua. Asubuhi alikuwa anasimama kitandani ameshika nondo, anatoa salamu yetu ya asubuhi, "Mwangaluka!" Asipoitikiwa anarudia kwa sauti kubwa zaidi. Alimsalimia daktari, akamsalimia mama wa usafi, akasalimia hata watu waliokuja kumwona mgonjwa wa kitanda cha pili. Muuguzi mmoja wa Tanga alijifunza kuitikia Kisukuma kwa ajili yake tu. Mkono wenye sindano ya dawa alikuwa anaunyoosha mbele kama mama mwenye bangili mpya. Uji wa hospitali hakuutaka mpaka mama aonje kwanza, na mama akikunja uso, basi, uji huo ameukataa siku nzima.

Na tumbo likapungua. Wasikilizaji wapendwa, tumbo la Milembe lilipungua kweli. Esteria alilala akilipapasa, asubuhi akalipapasa tena, akakuta pale pagumu pamelegea. Mtoto akaanza kula. Daktari akafurahi, akasema dawa imefanya kazi yake. Akawapa ruhusa fupi ya kwenda nyumbani mtoto apate nguvu, halafu warudi kwa upasuaji. Akawatajia siku. Akasema, "Mama, msikose. Akionekana mzima, mje hivyohivyo."

Wakarudi Sapiwi. Zengo alipomwona mwanawe anatembea uwanjani, tumbo limeisha, alikaa chini kwenye vumbi akalia. Nimeongea naye kwa simu, hakuweza kuja studio. Aliniambia maneno haya, na akaniomba niyaseme yalivyo.

"Sema ukweli. Sema ni mimi. Mimi ni mtu wa ng'ombe. Ng'ombe akivimba, ukamtibu, uvimbe ukanywea, humkati. Unamshukuru Mungu unamrudisha machungani. Nikamwambia mke wangu, mtoto amepona. Tumbo limeisha. Sasa wanataka kukata nini?"

Wanataka kukata nini. Nimelibeba swali hilo tangu juzi. Sioni mjinga hapo. Naona baba anayemtazama mtoto wake mzima, huku ameambiwa ampeleke akapasuliwe.

Na Esteria? Nilimuuliza, wewe uliyekuwa Mwanza, wewe uliyeelezwa, ulisema nini? Akatazama chini.

"Nilisema tungoje kidogo. Nilikuwa nimechoka, mtangazaji. Nilikuwa nimelala sakafuni pale wodini mpaka mgongo umekuwa wa bibi kizee. Nilitaka nikae kwangu. Nilitaka nipike kwenye jiko langu. Nikajiambia, siku chache haziwezi kuharibu."

Bibi Anyes naye alikuwa ametuma salamu kutoka Kimali. Mjukuu amerudishwa kwao akiwa hai, haiwezekani akae bila kushukuru. Ni desturi. Mtoto aliyetoka kwenye ugonjwa mkubwa anapelekwa kwenye mji wa ukoo, anaonyeshwa kwenye kaburi la babu yake, mbuzi anachinjwa, ndugu wanakula pamoja. Basi wakafunga safari. Barabara ya Mwanza inatoka Bariadi kwa upande mmoja, ya Kimali inatoka kwa upande mwingine. Wakaishika ya Kimali.

Ilikuwa sherehe nzuri. Katekista alisali, kisha Bibi Anyes akamwaga pombe kidogo kaburini, hakuna aliyeona tatizo. Ngoma ikapigwa. Milembe, kichwa hakina unywele, amevalishwa shanga kiunoni, alicheza katikati ya watu wazima huku akitingisha mabega vilevile anavyowaona wanavyotingisha. Akichoka anakaa, akipumua kidogo anarudi. Alikula nyama ya mbuzi. Kulikuwa na ndama mweupe aliyemfuata kila mahali, akawa anamgombeza kama anagombeza mume. Watu wa Kimali wanamkumbuka kwa siku zile. Hawakumwona mgonjwa, walimwona akicheza.

Wakakaa. Kwanza ndugu wa mbali walikuwa bado hawajafika. Halafu mvua ikanyesha, mto ukajaa, hakuna kuvuka. Halafu mto ukapungua, wakasema tumalizie na Jumapili. Siku ya upasuaji ikapita.

Hospitali ilipiga simu. Simu ya Zengo haikuwa na chaji. Wakapiga namba ya mjomba, Magese. Magese akaacha dagaa wake juani, akaendesha pikipiki kutoka Lamadi mpaka Sapiwi, akakuta nyumba imefungwa. Akaambiwa wako Kimali. Akaendesha mpaka Kimali. Mtu huyu alisafiri mkoa mzima kwa ajili ya mtoto wa dada yake. Msikilizeni alichoniambia.

"Nilifika nikasikia ngoma. Nikamwona Milembe anacheza. Akaniona, akanikimbilia, 'Mjomba! Mwangaluka!' na ilikuwa jioni. Shemeji akanipa kiti. Bibi akaniletea nyama. Watu wanafurahi, wananipa mkono, wananishukuru, wabeja, wabeja, ulitusaidia. Nikaona aibu. Naanzaje kutaja kisu kwenye sherehe ya mtoto aliyepona? Nikasema nitawaambia kesho. Kesho yake nikamwambia shemeji kidogo, pembeni. Akaniambia tunakuja, tunakuja. Nikala, nikaondoka."

Nikala, nikaondoka. Magese analirudia hilo kila akiongea. Nani kati yetu angesimamisha ngoma ile?

Tumbo likarudi, wasikilizaji wapendwa. Lilirudi upande uleule. Safari hii halikusubiri mama alisikie mgongoni, kila mtu aliliona, na hakuna aliyesema ni la maziwa. Walikimbia Mwanza wote, Zengo safari hii akiwa mbele. Ng'ombe aliwaacha. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshika ini lote na umepanda kwenye mapafu. Daktari hakuwagombeza. Esteria anasema bora angewagombeza. Aliwajaribia dawa nyingine, yenye nguvu zaidi, na Milembe hakuiweza. Safari hii asubuhi hakusimama kitandani. Muuguzi wa Tanga ndiye aliyeanza kumsalimia.

Aliomba nyumbani. Mtoto wa umri ule anaombaje? Alikuwa anaonyesha mlango. Wakarudi naye Sapiwi na dawa ya maumivu. Alifariki mchana, kwenye kivuli cha nyumba, mama yake amempakata, baba yake amekaa pembeni anampepea na kofia. Milembe Zengo wa Sapiwi. Hakufikisha miaka mitatu.

Sasa nimefika pale nilipoahidi kueleza. Milembe alizikwa jioni ileile. Walikuwepo watu wachache, kwani ni mtoto mdogo, na kwenye nyumba nyingi huku mtoto mdogo hakaliwi matanga. Hakuna turubai, hakuna watu wa kulala msibani, hakuna wa kusimama akasoma maisha ya marehemu. Ulikuwa ni msimu wa pamba, na pamba haingoji. Kesho yake asubuhi Esteria alitoka ndani akakuta jirani mmoja anakunja mkeka uwanjani. Akauliza, mbona mnakunja? Jirani, na hakuwa na ubaya wowote, akamshika bega akamwambia, "Nyamaza, mayu. Wewe bado kijana. Utapata mwingine."

Walimwambia hivyo watu wengi. Wa kisimani, wa kanisani, hata aliyekuja kuazima sufuria. Utapata mwingine. Esteria anasema ilifika mahali akawa anajificha anapomwona mtu ameanza kulainisha uso, maana anajua sentensi inayokuja. Akaniambia, "Nikipata mwingine, huyo atakuwa mwingine. Mimi namlilia Milembe. Mbona mzee akifa hamwambii mjane wake hivyo, au mnamwambia?"

Kwa hiyo akapanda gari akaja Bariadi, akakaa kwenye benchi letu.

Nimefanya kazi hii kwa muda mrefu, nimesoma majina mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kuna wiki ninapotamani wasilete hata jina moja. Nimechoka kusema Mungu kampenda zaidi. Nimechoka kusema tuyaache yote. Leo nitasema yanayosaidia. Mwenye mtoto ambaye tumbo lake ni gumu upande mmoja huku mikono inakonda, usikae ukalisifu. Mpeleke. Na mwenye mtoto anayetibiwa, ukaambiwa rudi siku fulani, rudi. Rudi hata kama anacheza ngoma. Akicheza, ndiyo siku nzuri ya kumpeleka. Shukrani ifanyike akishamaliza, na babu huko aliko atasubiri, hana pa kwenda. Na wewe uliyetumwa kumfuata mgonjwa, ukafika ukapewa kiti, kaa, lakini sema ulichotumwa kabla hujanawa mikono.

Kwa Zengo, pole sana. Umesema niseme ni wewe, nimesema. Nami naongeza kwamba ulimpenda. Kwa Bibi Anyes kule Kimali, pole, bibi. Kwa Magese pale Lamadi, pole, ndugu yangu, rudi kwenye kazi yako, wanao wanakuhitaji. Daktari Eliaichi, najua unatusikia, pole na wewe.

Na ninyi majirani wa Sapiwi, siwalaumu. Lakini pamba ya leo mmeshaipeleka. Jioni hii mpitieni. Si lazima mseme kitu.

Wasikilizaji wapendwa, kuna sehemu ya mwisho ambayo huwa tunaisoma kwa kila marehemu. Fulani ameacha mjane, ameacha watoto na wajukuu kadhaa. Nilipofika hapo nilimuuliza Esteria, nisome nini, maana mtoto huyu hana aliyemwacha kwa mpangilio wetu. Alifunga vizuri kitenge chake, akaniambia la kusema. Basi nalisoma kama alivyolisema.

Milembe Zengo wa Sapiwi ameacha mama.